Mbwa wa ghala, mpita njia na siku kumi za mfanyabiashara

GITEGA/MUYINGA

ALFAJIRI ndiyo saa nzuri ya mbwa wa ulinzi kunyoosha miguu. Mlinzi anayemjua mnyama wake hutoka naye kabla baiskeli za mizigo hazijajaa barabarani, kamba fupi mkononi, macho mbele. Anachotafuta ni nafasi tu.

Kukipambazuka, nafasi hiyo hupotea. Mtoto anapiga mluzi, kijana anaokota jiwe, mwendesha baiskeli anapita karibu na pua ya mbwa akipiga kengele. Mwingine anasimama kumkazia macho ili aone kama kweli ni mkali. Mbwa akibweka, watu hucheka. Akiuma, lawama zote humwangukia aliyeshika kamba.

Kwa wafanyabiashara, jambo hili si la mzaha. Muyinga iko kwenye njia ya Kobero, kituo cha mpakani kinachotazamana na Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, ni soko kubwa la katikati ya nchi. Mzigo unaolala njiani huhitaji ulinzi, na penye ghala hukosi kukuta mbwa.

Hofu inayoonekana kama ukali

Mbwa anayerukia kila mpita njia mara nyingi ana hofu. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa hana pa kukimbilia, hivyo hujifunza kwamba kubweka na kurusha meno ndiko kunakomwondoa mtu. Kila jiwe analotupiwa humthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Kabla ya kuuma, kwa kawaida hutoa ishara. Mwili hukakamaa, masikio hulala nyuma, hujilamba midomo, au weupe wa jicho huonekana. Anayeziona ishara hizo huvuka upande wa pili wa barabara. Asiyezijua huendelea kusogea akisema mbwa hawamwumi.

Siku kumi, nchi mbili

Hatari kubwa kuliko jeraha ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Hapo ndipo mpaka unapoleta utata. Mbwa aliyeuma akiwa na afya hutakiwa kuchungwa kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha chanjo za aliyeumwa. Lakini mfanyabiashara aliyeumwa Muyinga Jumatatu huenda Jumatano yuko Ngara au Kahama. Nani atampa habari kwamba mbwa amekufa siku ya sita?

Dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza. Kufikia wakati huo kidonda kimepona, safari kadhaa zimepita, na aliyeumwa huenda amesahau hata jina la mtaa.

Kwa hiyo hatua za mwanzo ndizo muhimu. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya bila kungoja dalili. Chukua namba ya simu ya mwenye mbwa, nawe umwachie yako. Chanjo hutolewa kwa awamu, hivyo omba kadi inayoonyesha tarehe za sindano na uvuke nayo mpaka, ili awamu inayofuata uipate upande wa pili.

Nani analipa?

Sheria ya madai ambayo Burundi iliirithi kutoka enzi za Wabelgiji humbebesha mwenye mnyama, au anayemtumia, dhamana ya madhara anayosababisha, hata akiwa ametoroka. Mwenye ghala asidhani kwamba kumwajiri mlinzi kunamwondoa moja kwa moja kwenye kesi.

Kinga ni nafuu kuliko kesi. Mbwa achanjwe na kadi yake itunzwe pamoja na nyaraka za ghala. Atembezwe saa za utulivu, kwa kamba fupi na kifuniko cha mdomo alichozoeshwa taratibu. Mlinzi akiona kundi la watu, ageuze njia mapema, wala asimpige mbwa kwa kubweka, kwani kipigo huzidisha hofu. Anayetaka kumvusha mbwa Kobero aulize kwanza ofisi za mifugo za pande zote mbili kuhusu vibali na vyeti vinavyotakiwa.

Wataalamu wanalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo ili kukata maambukizi. Mashirika ya kimataifa, WHO likiwemo, yameweka lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Mpita njia naye ana sehemu yake, na haimgharimu hata faranga moja. Asikimbie, asipige kelele, asimkazie mbwa macho, na apunguze mwendo wa baiskeli. Ukimwona mtu amesogea pembeni na kuifupisha kamba, anakuomba hatua chache tu. Mpe.