Homa ya mja mzito si ya kungojea kesho

JE, msomaji, umewahi kumwona mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na bado hawezi kuketi, shingo yake ingali legevu na miguu imekakamaa? Majirani hawakosi la kusema. Mara ni jicho baya, mara ni laana ya ukoo, mara mkunga alimvuta vibaya.

Madaktari huiita hali hiyo utindio wa ubongo. Hutokea ubongo wa mtoto unapodhurika akiwa tumboni, anapozaliwa au muda mfupi baadaye. Haiambukizi, wala haina tiba ya kuiondoa, ingawa mazoezi ya viungo humsaidia mtoto sana.

Kwa miaka mingi lawama kubwa ilikuwa juu ya uzazi mgumu, kama alivyoeleza daktari Mwingereza, William Little, mwaka wa 1861. Uzazi mgumu ungali sababu mojawapo. Lakini mwaka wa 1997, Judith Grether na Karin Nelson walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa California, Marekani, waliozaliwa na uzani wa kawaida. Mama aliyekuwa na homa ya kupita nyuzi 38 wakati wa kujifungua, au maambukizi katika mji wa mimba, uwezekano wa mtoto wake kuwa na utindio ulikuwa takriban mara tisa zaidi.

Usishtuke kupita kiasi. Hali hii ni nadra, na wengi wa akina mama wanaougua hujifungua watoto wazima.

Viini hupanda kutoka ukeni hadi kwenye utando unaomzingira mtoto. Mwili hupigana navyo, na kemikali za vita hivyo zaweza kuudhuru ubongo mchanga hata kama viini vyenyewe havikumfikia mtoto. Isitoshe, maambukizi huweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto njiti ndiye aliye hatarini zaidi. Maji yakivunjika na mtoto asizaliwe, hatari huongezeka kadiri saa zinavyopita.

Basi utasema, si ninunue antibayotiki pale dukani mtaani? La, hasha! Nchini Uingereza, wanawake walioshikwa na uchungu mapema, bila maji kuvunjika wala dalili za maambukizi, walipewa dawa hizo katika majaribio. Watoto wao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka saba, matokeo yakichapishwa mwaka wa 2008, utindio ulikuwa mwingi zaidi miongoni mwao kuliko kwa watoto ambao mama zao hawakupewa. Dawa hizo hizo huokoa maisha pale maambukizi yapo. Kujua yapo au hayapo ni kazi ya daktari, si ya muuza duka.

Kliniki, usikubali kuondoka bila mkojo wako kupimwa. Viini vyaweza kukaa humo bila kukuwasha wala kukuuma, kisha vikapanda hadi kwenye figo. Ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo la chini au maji yakivunjika, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na huna uchungu. Tazama saa maji yanapoanza kutoka, uiandike kwenye kitabu chako cha kliniki. Hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza utakayoulizwa na muuguzi.