Fomu ya Mkopo wa Chuo: Kazi ya Mzazi

Kila mtu awe na daftari lake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mwombaji, mdhamini, sahihi. Tutayasoma pamoja mwisho wa somo.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutajifunza fomu. Fomu ni nini? Fomu ni barua ambayo wenye ofisi wamekwisha andika maswali, nawe unaandika majibu tu. Basi mtu ajuaye kuandika barua, asiogope fomu.

Fomu yetu ya leo ni ya kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu katika Tanzania. Mkopo huo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Fedha zake husaidia ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo.

Angalieni neno lenyewe: mkopo. Si zawadi, ni deni. Kijana akimaliza masomo na kuajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi. Tufanye hesabu. Akilipwa shilingi 600,000, atakatwa shilingi 90,000. Fedha hizo hurudi Bodi, wapate kusoma na wengine.

Mwombaji ni kijana, naye huijaza fomu kwa kompyuta. Huenda mtu akauliza: Je, mimi mzazi nina kazi gani hapo? Unazo kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni hati. Cheti cha kuzaliwa cha kijana hapana budi kithibitishwe. Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo hufanywa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa waliozaliwa Zanzibar, huko kuna wakala wao. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho kithibitishwe. Tafuteni hati hizo mapema. Maombi yana siku zake za kufunguliwa na kufungwa, na siku ya mwisho haimngoji mtu.

Kazi ya pili ni majina. Jina liandikwe kwa herufi zile zile katika kila hati. Kama cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaidi, na cheti cha shule kimeandikwa Mwanahidi, nyumbani tunajua ni mtoto mmoja, lakini karani wa mbali ataona watu wawili. Weka vyeti mezani, pitisha kidole herufi kwa herufi. Kadhalika namba ya mtihani wa kidato cha nne, iwe ile ile aliyoombea chuo.

Kazi ya tatu ni sahihi. Mara nyingi mzazi ndiye mdhamini. Mdhamini ni mtu anayesimama nyuma ya mwombaji kwa ajili ya deni lile. Fomu ikichapwa, mwombaji hutia sahihi yake, na mdhamini yake, pamoja na picha ya mdhamini na nakala ya kitambulisho chake. Kisha huenda kwa serikali ya kijiji au mtaa kupata sahihi na mhuri, halafu kwa wakili au hakimu. Mwisho kurasa hizo hurudishwa kwa Bodi kwa njia ya kompyuta. Sahihi moja ikikosekana, maombi hayajakamilika.

Sasa sikilizeni mfano. Tuseme yuko mama mmoja mjane. Bintiye amefaulu. Wanakwenda mjini, na kijana wa dukani anawajazia fomu upesi upesi, maana nje kuna foleni. Anachapa, anamwambia, "Mama, weka sahihi hapa." Zamani mama huyo angebonyeza dole gumba, yakaisha. Lakini sasa anajua kusoma. Anasema, "Ngoja kwanza, mwanangu, nisome." Anasoma polepole, watu wanaguna nyuma yake. Anafika mahali pa baba, anaona pameandikwa kuwa yu hai. "Baba wa huyu tulimzika mwaka wa tatu sasa," anasema. "Na cheti hiki hapa."

Kosa likasahihishwa kabla fomu haijapelekwa. Lingekwenda vile vile, Bodi ingemhesabu binti kuwa ana wazazi wawili wa kumsaidia, na hali ya nyumbani ndiyo inayopimwa katika kugawa mikopo. Waliokuwa wakiguna walingoja dakika kumi. Binti angengoja mwaka mzima.

Basi msione haya kusoma polepole. Fomu ikiwa katika lugha usiyoijua, mwanao akusomee na kukueleza kila swali. Usitie sahihi pasipo na maandishi. Wala usiongeze umaskini usio wako: uongo ukigunduliwa, atakayeumia ni mtoto. Ada ya maombi ilipwe kwa namba ya malipo inayotolewa na Bodi, si kwa mkono wa mtu anayedai kuwa anajuana na wakubwa. Weka nakala ya kila karatasi nyumbani.

Sasa someni ubaoni kwa sauti: mwombaji, mdhamini, sahihi. Vema! Kisha jibuni katika madaftari yenu:

1. Kwa nini mkopo si zawadi?
2. Ni nani hutia sahihi katika fomu, mbali na mwombaji?
3. Mtu akipata mshahara wa shilingi 400,000, atakatwa shilingi ngapi kwa mwezi?
4. Andika jina lako lote kama lilivyo katika kitambulisho chako. Mwenzako alikague, herufi kwa herufi.

Kwaherini, wanakisomo, hata somo lijalo.