RISASI ISIYO NA MTUTU: Usalama wa Watoto Wetu Katika Chumba cha Sanaa

Lugha ya Kiswahili ina neno moja ambalo yampasa kila askari kulitafakari. Neno hilo ni risasi. Risasi ni kile kipande kitokacho mtutuni kwa kishindo. Na risasi ni madini yenyewe, mazito na laini, ambayo tangu zamani yametumiwa katika rangi ili nyeupe ipate kufunika vema na njano ipate kukolea. Risasi ya kwanza ina mlio, na aisikiaye hulala chini. Ya pili haina mlio. Humwingia mtoto kwa kidole alicholamba au kwa vumbi alilovuta, na madhara yake huonekana baada ya miezi na miaka.

Ndugu wasomaji, sisi tuliovaa sare tunazijua hatari zenye mlio. Lakini watoto wetu, wale wanaosoma katika shule za kambini na wale wanaosoma uraiani, hukaa saa kadha kila juma katika chumba chenye visu, nta inayochemka, mafuta yanayowaka na dawa zinazounguza. Chumba hicho ni chumba cha sanaa. Wazazi wengi huliuliza somo la hesabu na somo la sayansi. Ni wachache waingiao katika chumba cha sanaa kutazama kilichomo makabatini. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba chumba hicho ni ghala, na kwamba taratibu zile zile zinazotulinda katika ghala la silaha ndizo zinazoweza kuwalinda watoto wetu.

Asidhani mtu kwamba tunataka somo hilo liondolewe. Sanaa imeiletea Uganda heshima kubwa. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere katika miaka ya 1930 alikuwa na wanafunzi wachache tu. Mmoja wao, Gregory Maloba, ndiye aliyekuja kulijenga Sanamu la Uhuru lililosimama mjini Kampala tangu mwaka 1962. Bunduki haiondolewi jeshini kwa kuwa ni ya hatari. Askari hufundishwa kuishika. Vivyo hivyo patasi na rangi.

RANGI

Mfano ulio wazi watoka Brazili. Candido Portinari, aliyezaliwa mwaka 1903, alikuwa mchoraji mashuhuri kupita wote katika nchi yake. Kati ya mwaka 1952 na 1956 alichora picha mbili kubwa mno, kila moja ikiwa na kimo cha meta 14 hivi, moja iitwayo Vita na nyingine Amani. Picha hizo zimetundikwa katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, mahali ambapo majeshi mengi, likiwamo letu, yamekuwa yakitajwa katika mijadala ya kulinda amani. Madaktari walikwisha kumwonya Portinari kwamba rangi zake zilikuwa zikimtia sumu ya risasi. Aliendelea kuchora. Mwezi wa Februari 1962 alifariki dunia kwa sumu hiyo. Mtu aliyewachorea walimwengu sura ya vita aliuawa na risasi iliyotoka katika kibao chake cha rangi.

Huyo alikuwa mtu mzima. Kwa mtoto jambo ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwili wa mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huushambulia ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza na mwepisi wa hasira, na mzazi huweza kumchapa kwa uvivu kumbe ni mgonjwa.

Hapana budi, basi, rangi zitumiwazo na watoto ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya shule, zenye maandishi yanayosomeka. Mabaki ya rangi za nyumba, za magari au za alama za barabarani, ambayo baadhi yetu huyachukua kazini na kuyapeleka shuleni kwa nia njema, hayafai. Mkopo usio na maandishi ni sawa na sanduku la risasi lisilo na namba: afande wa ghala halipokei. Aidha, brashi haichongwi ncha kwa mate, chakula hakiliwi juu ya meza ya rangi, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kengele ya mapumziko.

MOTO

Batiki ni kazi ipendwayo sana katika shule zetu. Nta huyeyushwa, huchorwa juu ya nguo, kisha nguo hutiwa rangi. Nta ya mishumaa huyeyuka katika joto la nyuzi 60 hivi. Ikiachwa juu ya sigiri hadi ipite nyuzi 200, mvuke wake waweza kuwaka ghafula. Hapo ndipo mtoto asiyefundishwa hukimbilia ndoo ya maji. Maji yakiangukia nta iwakayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo huchukua nafasi ipatayo mara 1,700 ya ile ya maji. Nta hurushwa juu kama bomu, nayo yawaka.

Dawa yake ni nyepesi. Sufuria ya nta iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Kwa kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100 na hayapiti hapo, nta nayo haitapita hapo, maadamu maji hayajakauka. Kando yake pawe na mfuniko wa chuma na ndoo ya mchanga. Moto ukishika, sufuria hufunikwa, sigiri huzimwa, wala hakuna aibebaye sufuria kuikimbiza nje. Kadhalika, sigiri haiwashwi katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayolaza watu usingizi wasioamka.

Jambo la pili ni petroli. Katika shule nyingine hutumiwa kuoshea brashi na vitambaa vya kuchapia kwa sababu ni rahisi kuipata kuliko tapentaini. Tabia hiyo ikomeshwe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Gulu au la Arua. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama adui atambaaye majanini, hadi ulifikie jiko lililo upande wa pili wa chumba. Askari ampaye mtoto wake chupa ya petroli apeleke shuleni amempa silaha bila mafunzo.

La tatu huwashangaza wengi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yale yatumiwayo na wachoraji na maseremala, vikirundikwa pembeni huweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea huongezeka hadi kitambaa kishike moto. Vitambaa vya namna hiyo hutandazwa nje vikauke kimoja kimoja, au hutiwa katika debe la chuma lenye maji na mfuniko.

DAWA, VUMBI NA MAKALI

Rangi za kutia nguo huhitaji kostiki soda, na pamoja nayo unga mweupe ambao watengenezaji wa batiki huuita haidrosi. Kostiki soda huunguza ngozi na yaweza kupofusha jicho. Kanuni yake yapasa kukaririwa kama amri za kwata: soda hutiwa ndani ya maji, maji hayatiwi juu ya soda. Atendaye kinyume hurushiwa usoni tope lichemkalo. Haidrosi nayo haitaki unyevu. Mkebe wake ukiingiwa na maji kidogo hupata joto lenyewe, huweza kuwaka, na hutoa gesi kali ya salfa inayobana kifua. Kazi hiyo ifanyiwe nje, kwa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Dawa ikimwingia mtoto jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Asingojee gari lije ndipo aoshwe.

Vumbi hudharauliwa kuliko yote. Udongo wa mfinyanzi una chembe za silika, na chembe zilizo ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Ugonjwa uletwao nazo ndio ule uwapatao wachimbaji wa migodi. Kwa hiyo chumba cha ufinyanzi hakifagiliwi kikavu. Sakafu na meza hupanguswa kwa kitambaa chenye maji baada ya kila somo.

Kuhusu makali, neno ni moja: patasi butu ni mbaya kuliko patasi kali, kwa kuwa butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki. Achongaye mbao au linoliamu huweka mkono wa pili nyuma ya ncha, wala si mbele yake. Tuliopita shule ya kadeti twaijua kanuni hiyo kwa jina jingine: usiuelekeze mtutu mahali usipotaka kupiga.

VYUMA VYA VITA

Lipo jambo moja ambalo lawahusu wanajeshi peke yao. Wanafunzi hupenda kutengeneza sanamu kwa vyuma chakavu. Huko Msumbiji, tangu mwaka 1995, Baraza la Kikristo la nchi hiyo liliendesha mpango wa kukusanya silaha za vita kutoka kwa wananchi na kuwapa vifaa vya kazi, na wasanii wa Maputo wakazigeuza silaha zile kuwa sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa hivyo mwaka 2001 kimewekwa katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Lakini silaha hizo ziliharibiwa na kukatwakatwa kwanza, ndipo zikafika mikononi mwa wasanii. Utaratibu ulitangulia sanaa.

Hapa kwetu, Uganda ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2012 kwamba imekamilisha kazi ya kuondoa mabomu ya ardhini katika maeneo yaliyojulikana. Hata hivyo, vita huacha vyuma ambavyo havikuandikwa katika ramani yoyote. Mtoto afundishwe kwamba chuma asichokijua hakiokotwi, hakigongwi, wala hakipelekwi shuleni. Na mzazi aliye jeshini asiweke ganda wala mzinga uliookotwa kuwa pambo la nyumba, kwani mtoto ataona kwamba ni kitu cha kuchezea.

WAJIBU WETU

Basi tufanye nini? Siku ya wazazi itakapofika, kila askari na aingie katika chumba cha sanaa na kumwuliza mwalimu, kwa heshima, maswali matano. Kwanza, je, dawa na petroli zimefungiwa wapi, na ufunguo anao nani? Pili, je, visu na patasi huhesabiwa vinapotolewa na vinaporudishwa? Tatu, je, milango yafunguka kwa urahisi, na njia ya kutokea i wazi? Nne, je, mchanga, maji na sanduku la huduma ya kwanza vipo, na watoto wajua matumizi yake? Tano, je, mtoto aliyeungua hupozwa kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, au hupakwa dawa ya meno?

Maswali hayo yasiulizwe kwa ukali wa gwaride. Mwalimu mmoja mwenye watoto 60 na bajeti ya chaki hana kosa, anahitaji msaada. Fundi wa kikosi aweza kumtengenezea debe la chuma lenye mfuniko kwa nusu siku. Mhudumu wa afya wa kikosi aweza kufundisha huduma ya kwanza. Ndugu zetu wa zimamoto, ambao wako chini ya Polisi, waweza kuonyesha jinsi nta inavyozimwa. Hayo yote hayahitaji fedha za kigeni.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Ghala letu la silaha lina daftari, lina mlinzi, lina ufunguo mmoja na mtu mmoja wa kuulizwa. Chumba ambamo watoto wetu hujifunza kuchora jua, ng'ombe na uso wa mama hakistahili ulinzi uliopungua huo.