Miguu Kuvimba Si Matende Kila Mara

Ndugu Wanachama,

Twapenda kuwaelezeni jambo moja la afya, nalo latokana na safari ya mwanachama mwenzetu. Alikwenda Manyoni, Mkoa wa Singida, kumtazama shemeji yake alimaye korosho. Alimkuta miguu yote miwili imevimba, viatu havimwingii. Majirani walisema ni uchovu wa shamba. Mwenzetu, kwa kuwa ni mtu wa pwani, alidhani ni matende. Lakini usiku aliona shemeji yake hawezi kulala chali; huegemea mito mitatu, la sivyo hukosa pumzi. Wakaenda hospitali ya wilaya, wakaambiwa ni moyo. Kisha alipelekwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, waliko madaktari wa moyo. Sasa anatumia dawa na miguu imepungua. Lakini kabla ya hapo alikaa miezi miwili akijikanda kwa maji ya chumvi.

Yafaa tujue sababu. Moyo ni pampu. Ukidhoofika, na mara nyingi hudhoofishwa na presha iliyokaa miaka bila ya dawa, damu hurundikana katika mishipa na maji yake hupenya nyamani. Maji hushuka chini. Ndiyo maana miguu hujaa jioni na asubuhi hupungua. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi, uhesabu hadi kumi. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Matende aghalabu huzidi mguu mmoja, na yakikaa miaka ngozi huwa nene na ngumu. Figo na ini navyo huvimbisha miguu. Basi wa kupambanua ni daktari, si sisi wala jirani.

Ziko na dalili nyingine za kuangaliwa:

Kwanza, mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya gari, huenda damu imeganda ndani. Usiukande, kwani bonge laweza kwenda mapafuni. Nenda hospitali siku ile ile.

Pili, shavu la mguu likiuma kila utembeapo na kupoa usimamapo, huenda mishipa ya damu imekuwa myembamba, na ya moyo pia.

Tatu, mkono. Wachumaji twayajua maumivu ya kuvuta matawi: huzidi ukiuinua mkono au ukiubonyeza. Ya moyo hayabadiliki kwa kubonyezwa. Huja na kubanwa kifua, jasho la baridi au kichefuchefu, na pengine hupanda hadi taya. Mtu huyo asipande mkarafuu, wala asingoje kesho.

Nne, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafula, hicho ni kiharusi, na pengine bonge la damu limetoka moyoni. Huyu naye akimbizwe hospitali mara moja.

Ndugu zetu, dalili ya mvua ni mawingu. Karafuu zetu twazipima kila jioni wakati wa msimu, wala hatukubali kupunjwa hata pishi moja. Basi na miili yetu tuipime. Kabla hamjashika ngazi na kamba mwaka huu, nendeni Chake Chake, Wete, Mkoani au kituo kilicho karibu, mkapimwe presha. Na mwenye mzee nyumbani amtazame miguu leo jioni.

Ni sisi wenzenu,
Ofisi ya Katibu