Mkono uliopooza usiachwe ulale

Mkulima wa zabibu wa Makutupora, Dodoma, huvuna mara mbili kwa mwaka, na kupogoa mizabibu kunataka mkono wenye nguvu. Akipatwa na kiharusi, ndugu huuliza kwanza mkono utarudi lini. Misuli yenyewe ni mizima. Kilichokufa ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiiamuru.

Seli zilizobaki pembeni huwasiliana kwa kemikali: glutameti huziamsha, GABA huzituliza. Saa za mwanzo glutameti humwagika kupita kiasi na kuua seli zaidi, kwa hiyo mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja. Kisha GABA hutawala. Utafiti wa mwaka 2010 kwa panya wa maabara ulionyesha kuwa kemikali hiyo hubaki nyingi kandokando ya kidonda cha ubongoni, kama breki iliyokwama. Dawa ya kuilegeza ilipoanzishwa siku ya 3, panya walitumia miguu yao vizuri zaidi. Ilipotolewa mapema mno, kidonda kilipanuka. Breki ileile inayozuia ndiyo iliyokuwa ikilinda.

Kwa binadamu, kidonge bado hakijapatikana. Mwaka 2011 Wafaransa walitoa matumaini kwa fluoksetini, dawa ya sonona, kwa wagonjwa 118. Waingereza wakaijaribu tena kwa wagonjwa 3,127: haikuwarudishia uwezo wa kujihudumia, na waliovunjika mifupa wakaongezeka. Kwa hiyo ndugu wasiuze mbuzi kununua dawa hiyo wakitarajia mkono urudi.

Fedha hiyo ni bora iwe nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tena mapema. Huko Washington, utafiti wa wagonjwa 72 uliotoka mwaka 2021 uliwaongezea baadhi yao saa 20 za mazoezi ya mkono. Waliofaidika zaidi ni walioyapata miezi miwili hadi mitatu baada ya kiharusi; walioanza baada ya miezi sita hawakupata nafuu ya ziada. Miezi hiyo ya mwanzo ndiyo nasikitika kuona ikipotea mgonjwa akiwa amelazwa tu, akilishwa na kuvishwa kwa huruma.

Kama vidole vinacheza hata kidogo, mwacheni abangue karanga, ashike kikombe, afunge vifungo vya shati, mara nyingi kila siku, hata akichelewa. Na mnapomwinua kitandani msimvute kwa mkono uliolegea: bega huteguka, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi.