Kutoka steji hadi uwanjani: Njia ya kuingia katika mbio za pikipiki

Na MWANDISHI WETU

UKISIMAMA kando ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii jioni, wachuuzi wa ndizi na mboga wanapofunga mizigo yao, utasikia ngurumo za pikipiki kabla hujaziona.

Wengi wa waendeshaji hao ni vijana wa bodaboda wanaowahi abiria wa mwisho. Lakini wapo pia wanaoshindana: nani atatangulia kufika juu ya kilima, nani atailaza pikipiki zaidi kwenye kona, nani atakuwa wa mwisho kushika breki.

Hakuna mwamuzi, hakuna daktari na hakuna kombe. Zawadi ni sifa za steji zinazodumu hadi kesho yake. Gharama nayo, mambo yakienda mrama, hulipwa katika wadi ya wagonjwa wa mifupa.

Hata hivyo, hamu ya kushindana yenyewe si kosa. Kote duniani mbio za pikipiki za ridhaa zimechipuka kutokana na hamu hiyo hiyo. Motokrosi, yaani mbio katika uwanja wa udongo wenye matuta na kona, ilianzia Camberley, Uingereza, mwaka 1924, wanachama wa klabu walipoamua kupimana ubavu nyikani badala ya barabarani.

Swali ni hili: je, kijana wa Daraja Mbili anayetaka kushindana kwa njia halali aanzie wapi?

Nchini Kenya pikipiki ziliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuziondolea ushuru wa VAT zile zenye injini iliyo chini ya cc 250, mwaka 2008. Kizazi kizima kikajifunza kuendesha kazini, katika vilima na barabara za vumbi za Kisii na Nyamira, mara nyingi kikiwa kimebeba mizigo mizito.

Ujuzi huo si haba. Anayeweza kushuka mteremko wenye utelezi wakati wa mvua akiwa na gunia la viazi nyuma yake anajua mambo mengi kuhusu klachi, breki na kusawazisha mwili. Lakini asidhani kwamba hayo yanamtosha kuwa mwanamashindano.

<b>Chombo tofauti</b>

Kwanza, pikipiki zenyewe hazifanani. Bodaboda ya kawaida ina injini ya cc 100 hadi 150. Ile ya cc 100 huwa na nguvu za farasi zipatazo nane tu, nayo imeundwa ili idumu na isinywe mafuta mengi.

Pikipiki ya motokrosi ya cc 450 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 50, ilhali uzani wake ni takriban kilo 110 pekee. Springi zake huweza kubonyea kiasi cha sentimita 30 inapotua baada ya kuruka tuta. Haina taa wala vioo, na kwa hivyo hairuhusiwi kutumika barabarani; husafirishwa hadi uwanjani kwa gari.

Bei nayo ni kizingiti. Pikipiki mpya ya aina hiyo huuzwa takriban dola 10,000 nchini Marekani, kiasi kinachopita Sh1 milioni kabla ya usafirishaji na ushuru. Fedha hizo zinaweza kununua bodaboda mpya kadhaa.

Ndiyo maana wengi wanaofika mbali katika mchezo huu ni wale ambao wazazi wao waliwanunulia pikipiki ndogo ya cc 50 wakiwa na umri wa miaka minne au mitano. Baadaye hupanda daraja hadi cc 65, kisha 85, na hatimaye pikipiki za watu wazima.

<b>Milango mingine</b>

Asiye na mzazi wa aina hiyo asikate tamaa, kwani ipo milango mingine.

Mlango wa kwanza ni wa kujitolea. Kila shindano huhitaji watu wa kusimama kandokando ya uwanja na bendera. Ya manjano huonya kuwa kuna hatari mbele, na ni marufuku kumpita mwenzako. Ya buluu humtaka aliyeachwa nyuma mzunguko mzima awapishe wenye kasi. Nyekundu husimamisha mbio. Msimamizi wa bendera hujifunza mchezo akiwa karibu nao, bila kutumia fedha nyingi.

Mlango wa pili ni wa ufundi. Mwendeshaji hawezi kufika mbali bila fundi, na mji wa Kisii haukosi mafundi wanaoweza kufungua injini na kuirudisha. Fundi anayeaminika katika kikosi hupata nafasi ya kuijaribu pikipiki, na hatimaye huenda akaazimwa ashindane.

Mlango wa tatu ni kununua chombo kilichotumika, ikiwezekana kwa ushirika wa marafiki wawili au watatu, na kuanza na injini ndogo. Anayeanza na cc 450 kwa sababu ya majivuno huishia kuiogopa, au kuumizwa nayo.

Kabla ya kushindana, ni lazima mtu ajiunge na klabu inayotambuliwa na apate leseni ya mashindano. Nchini, mchezo huu husimamiwa na Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, KMSF, ambalo huangalia magari na pikipiki pia. Leseni ya kawaida ya udereva haitoshi, na bima nyingi za barabarani hazilipi fidia kwa madhara ya mashindano ya kasi.

Vifaa vya kujikinga havina mjadala: helmeti inayofunika uso, miwani, glavu, kinga ya kifua na magoti, na buti ndefu ngumu. Utafiti umeonyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayepanga kununua pikipiki kwanza na helmeti baadaye amepanga kinyume.

<b>Uwanja uko wapi?</b>

Hapa ndipo penye kitendawili kigumu kwa wakazi wa Gusii. Mashindano ya motokrosi yamezoea kufanyika Nairobi, hasa katika uwanja wa Jamhuri, umbali wa takriban kilomita 300. Uganda ina viwanja vya Garuga, karibu na Entebbe, na Busiika.

Ardhi nayo ni adimu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina watu 957 katika kila kilomita mraba. Mahali ambapo ndugu hugawana vipande vya shamba la migomba, si rahisi kumshawishi mtu atenge ekari kadhaa kwa ajili ya pikipiki.

Lakini yapo mashindano yasiyohitaji ekari nyingi. Lipo shindano la kwenda polepole, ambapo mshindi ni anayefika wa mwisho bila mguu wake kugusa chini. Lipo pia la kupita katikati ya vigingi vilivyopangwa kwa karibu. Uwanja wa shule wakati wa likizo unatosha, mradi mwenyewe ameruhusu na mtoa huduma ya kwanza yupo. Vyama vya bodaboda, ambavyo tayari vina wanachama na viongozi, vinaweza kuanzia hapo.

Faida yake haitaishia kwenye vikombe. Anayejua kuimudu pikipiki kwa mwendo wa pole huimudu pia pale mtoto anapokatiza barabara ghafla.

Sheria huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya mijini, na tangu 2012 inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, tena abebe abiria mmoja tu. Hakuna kifungu kinachomkataza kuwa bingwa. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mchezo huu kuinama ni kukubali kuanza polepole, mbali na barabara ambayo mama muuza ndizi huivuka akirudi nyumbani.