Darubini ikigoma, nyati hasubiri!

Wiki hii tunaacha habari za viatu na nywele, tunatoka mjini kidogo, tunaingia porini. Kaa mkao wa kula.

Sisi vijana wa mjini bunduki tunaijua ya kwenye video. Jamaa kajibanza juu ya ghorofa, kafumba jicho moja, darubini kubwa kama chupa ya chai imekaa juu ya mtutu, paa! Adui chali. Basi tukisikia kuna watu wana bunduki yenye darubini halafu wanalipia tena vilengeo vya chuma, vile vidude viwili vya kizamani, kimoja kwenye ncha ya mtutu na kingine nyuma karibu na jicho, tunaona ushamba. Kumbe wenzetu wana sababu, na sababu yenyewe ina pembe.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji kule Selous, kabla upande mmoja haujafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele, macho chini, fimbo mkononi. Bunduki? Hana. Bunduki anayo mwindaji bingwa aliyeko nyuma yake, na mgeni aliyelipa dola zake. Kwa hiyo ukimuuliza habari za vilengeo, majibu yake si ya fundi. Ni ya mtu ambaye roho yake ilikuwa mikononi mwa mwenzake.

"Sikiliza mjomba," aliniambia, "nyati mzima anaweza kukukimbia. Aliyejeruhiwa anakusubiri."

Dume la nyati linaweza kufika kilo 800, na mbio zake ni kama kilomita 50 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe, hata kama Form Four ilikutoa jasho: ni karibu mita 14 kwa sekunde. Akitoka kichakani hatua ishirini kutoka ulipo, una sekunde moja na chenji. Sasa darubini ya kukuza mara tisa hapo itakuonyesha nini? Manyoya meusi tu, hujui bega wala kiuno! Tena kuna mvua, kuna ukungu kwenye kioo, kuna skrubu zilizolegea kwa kurushwarushwa ndani ya gari kutwa nzima. Na bunduki kama .458 inavyopiga teke, darubini isiyokazwa vizuri inahama bila kuaga.

Sikatai, darubini ina siku yake. Chui juu ya mti, giza linaingia, hapo chuma hakisaidii kitu. Siku hizi zipo pia zinazoanzia mara moja tu, karibu sawa na jicho lako. Lakini kioo ni kioo. Ndiyo maana kwenye bunduki kama .375 H&H Magnum, risasi iliyotoka 1912 na inatamba hadi leo, watu wa kazi wanataka vyote viwili, na darubini iwe ya kufunguliwa kwa vidole, siyo bisibisi. Mkifika pale damu inapoingia kichakani, darubini inakwenda mkobani, mnaingia na chuma.

Haya, chuma gani? Cha nyuma kina shule mbili. Ya kwanza ya Kiingereza: bati lenye mkato wa V iliyo pana, mstari mweupe katikati, unakalisha punje ya mbele hapo, basi. Bunduki nyingine zina mabati matatu ya kukunja, la yadi 50, 100 na 200. Mjomba anayacheka. Nani atakumbuka kuinua bati huku moyo unataka kutoka mdomoni? Moja lililosimama daima linatosha. Wamarekani nao na AR-15 zao wanapenda vya kukunja, sawa, kule hakuna nyati.

Shule ya pili ni tundu. Unachungulia kwenye duara, na jicho lenyewe linajipeleka katikati bila kuambiwa. Hii ndiyo ninayoikubali mimi, hasa kwa wazee, maana jicho lililochoka haliwezi kuona sawasawa cha nyuma, cha mbele na mnyama kwa mpigo. Ila tundu liwe kubwa. Lile dogo la mashindano ya shabaha likipata tone la mvua, umekwisha.

Cha mbele kiwe na punje kubwa nyeupe. Zamani walitumia pembe ya ndovu. Nyeupe inaonekana kivulini juu ya ngozi nyeusi. Vile vya nyuzi zinazong'aa vinapendeza dukani, lakini vikigonga mlango wa gari, kwisha habari yake.

Kuna mtego mwingine. Bunduki nyingi za kisasa kitako kimeinuliwa kwa ajili ya darubini, kwa hiyo ukiitoa jicho linabaki juu, vilengeo viko chini. Kipimo ni cha bure: bunduki iwe tupu, ikaguliwe mara mbili, ielekezwe pasipo na mtu. Fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Punje ikiwa mahali pake bila kuchezesha shingo, chukua. Ukijikuta unaitafuta, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa.

Ukishanunua bado unatakiwa ukapige karatasi, kwa risasi zilezile za porini. Ikipiga chini, fundi anapunguza cha mbele kwa tupa, risasi zinapanda. Kidogo kidogo, maana chuma kikishaliwa hakioti tena! (Haya yote ni kwa mwenye kibali. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina utani.)

Mjomba alikuwa na mtihani wake. Siku ya kwanza mgeni anapopelekwa kujaribu bunduki kwenye karatasi, yeye anakaa pembeni anavuta sigara, anaangalia kama jamaa atatoa darubini apige japo tatu kwa chuma. Akipiga, kesho safari ni ya raha. Asipopiga, mjomba anamnong'oneza mwindaji bingwa: mgeni huyu atembee nyuma kabisa, abebe maji.